Projekta, Mbalamwezi na Usipa: Sayansi ya Kuonyesha Sanaa ya Kidijitali Nje

Kijana wa Mbinga anayechora kwa simu au kompyuta ana ukumbi mmoja tu wa maonyesho: status ya WhatsApp. Baada ya saa 24 kazi imefutika, na walioiona ni wale wenye namba yake na wenye bando. Mkulima wa kahawa aliyechorwa humo hajaiona. Mama anayeuza usipa Mbamba Bay naye hajaiona. Jumba la sanaa hakuna, na hata lingekuwepo, wengi wetu tungepita nje tukidhani ni ofisi ya watu.

Ndiyo maana wazo la kuonyesha sanaa ya kidijitali nje, sokoni, stendi au ufukweni, linavutia sana. Badala ya watu kuifuata sanaa, sanaa inawafuata walipo. Lakini ukishaitoa picha ndani na kuipeleka nje, umeingia kwenye ugomvi na jua, upepo, wadudu na mwezi. Makala hii inaeleza sayansi ya ugomvi huo. Tutafika kwenye jibu ambalo huenda hukulitarajia: kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, usiku mzuri wa maonyesho si ule wa giza totoro. Ni usiku wa mbalamwezi.

Twende taratibu.

Kwa nini simu "inazimika" juani?

Tunahitaji vipimo viwili tu. Cha kwanza ni laksi, yaani kiasi cha mwanga unaoangukia sehemu fulani. Cha pili ni niti, yaani mng'ao unaotoka kwenye sehemu hiyo kuelekea jicho lako. Kwa lugha rahisi, laksi ni mwanga unaofika ukutani, niti ni mwanga unaouona ukiutazama ukuta.

Jua la mchana mweupe hutoa laksi 100,000 hivi. Siku ya mawingu mazito zinaweza kubaki 10,000 au pungufu. Mwezi mpevu ukiwa juu angani hutoa robo ya laksi, 0.25 hivi. Anga lisilo na mwezi, lenye nyota tu, hutoa kama 0.001. Macho yetu hufanya kazi katika hali zote hizi, na ndiyo maana hatuhisi ukubwa wa tofauti hiyo. Lakini kati ya jua na mwezi mpevu kuna tofauti ya mara 400,000. Si mchezo.

Sasa chukua simu yako. Simu nyingi za kawaida hung'aa kwa niti 500 hivi. Ukisimama juani, kioo chake kinapokea zile laksi 100,000. Hata kikirudisha asilimia 5 tu ya mwanga huo kwa kuusambaza kila upande, kinakurudishia zaidi ya niti 1,500. Yaani mwanga wa jua unaoruka kutoka kwenye kioo umeshinda mwanga wa picha yenyewe mara tatu. Picha ipo palepale, ila "nyeusi" yake si nyeusi tena.

Hapo ndipo siri ilipo. Jicho halisomi picha kwa wingi wa mwanga wake. Linasoma tofauti kati ya sehemu angavu na sehemu ya giza ya picha, ambayo wataalamu huiita kontrasti. Skrini inajua kuongeza mwanga tu. Haijui kuongeza giza. Giza lazima ulikute mahali hapo, au ulitafute.

Mabango ya LED: kushindana na jua

Njia ya kwanza ni kubishana na jua uso kwa uso. Mabango makubwa ya LED tunayoyaona Dar es Salaam hung'aa kati ya niti 5,000 na 10,000. Unaweza kudhani hiyo inatosha kulishinda jua, kumbe hapana. Ukuta uliopakwa chokaa, ukipigwa na jua kali, unarudisha kama niti 25,000. Bango linaonekana mchana kwa sababu uso wake umetengenezwa mweusi, na juu ya kila mstari wa taa kuna vijikofia vidogo vinavyozuia jua. Yaani hata bango la gharama kubwa linaishi kwa kujitengenezea giza.

Tatizo la pili ni ukubwa wa nukta. Zile mbao zenye maandishi mekundu yanayotembea, mbele ya maduka ya dawa na ya simu, mara nyingi ni za aina inayoitwa P10. Maana yake ni kwamba kutoka taa moja hadi nyingine kuna milimita 10. Ukitengeneza skrini ya P10 yenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, unapata nukta 300 kwa 200, jumla 60,000. Simu iliyo mfukoni mwako inaweza kuwa na nukta zaidi ya milioni mbili. Kwa hiyo umenunua skrini kubwa kuliko mlango, lakini ina maelezo machache kuliko simu.

Je, ni mbaya? Inategemea mtazamaji amesimama wapi, na hapa Mbinga tuna mwalimu mzuri wa somo hili: ngoro. Hiki ni kilimo cha Wamatengo, cha mashimo yaliyopangwa kwa safu mlimani ili kuzuia maji yasibebe udongo. Ukisimama ndani ya shamba unaona shimo na matuta yake, mahindi au maharage. Ukivuka bonde na kutazama kutoka mlima wa pili, mashimo yanaungana na mlima mzima unakuwa kama kitambaa kilichofumwa. Shamba halijabadilika, umbali ndio uliobadilika.

Jicho zima hutenganisha vitu viwili iwapo umbali kati yao ni angalau sehemu moja kwa 3,400 ya umbali wao kutoka kwako. Shimo la ngoro lenye upana wa mita moja na nusu hivi, kwa nadharia, linapotea ukiwa kilomita 5. Nukta za P10 zinapotea ukiwa mita 34. Karibu zaidi ya hapo utaziona mojamoja, na uso wa mtu uliouchora kwa saa nane utakuwa kama kikapu cha ushanga.

Ndiyo maana aina ya kazi ni muhimu. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932 Tunduru, katika mkoa huuhuu wa Ruvuma, aliacha mtindo wa wanyama wakubwa, mistari mizito na rangi zisizochanganyika. Picha ya namna hiyo inavumilia nukta chache. Picha yenye vivuli laini na nywele zinazohesabika haivumilii.

Halafu kuna umeme. Skrini ya LED ya nje inaweza kula hadi wati 700 hivi kwa kila mita ya mraba ikiwa nyeupe yote. Mita 6 za mraba ni zaidi ya kilowati 4. Kikundi cha vijana kinachochangishana hakiwezi kubeba hilo, na atakayeweza ni kampuni ya matangazo. Skrini ikishakuwa yake, usishangae sanaa ikapewa dakika moja kati ya matangazo ya sabuni.

Projekta: kununua mwanga kidogo, kupata giza bure

Njia ya pili ni kuliacha jua liende zake. Hesabu ya projekta ni rahisi: chukua lumeni zake, gawa kwa eneo la picha, unapata laksi.

Tuseme mmeazima projekta ya lumeni 3,000, ya aina inayopatikana kwenye kumbi za mikutano. Mkiitandaza kwenye ukuta wa mita 4 kwa 3, yaani mita 12 za mraba, mnapata laksi 250. Mchana, mbele ya laksi 100,000 za jua, hiyo ni sawa na kuwasha kibiriti mbele ya tanuri. Hakuna atakayeona kitu.

Usiku hesabu inageuka. Laksi 250 kwenye ukuta wa chokaa hutoa niti 60 na ushee. Kumbi za sinema duniani hulenga niti 48. Umesoma vizuri: projekta ya kuazima na ukuta wa chokaa vinakupa mng'ao wa sinema halisi, kwa sharti moja tu, kwamba pawe na giza. Na giza ndiyo mali ambayo Liuli, Lituhi na Mbamba Bay zinayo kuliko miji mikubwa. Chini ya taa ya barabarani inayomwaga laksi 20 ukutani, sehemu angavu ya picha yako ingezidi "giza" lake mara 13 tu. Kwenye mwambao usio na taa, inazidi mara maelfu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta projekta kubwa zaidi, mwombeni mwenye duka jirani azime taa ya barazani kwa saa mbili. Ni lumeni za bei rahisi kuliko zote.

Sasa mwezi unaingiaje?

Mtu atasema: kama giza ndilo mtaji, basi tuchague usiku usio na mwezi. Tumuulize kwanza mvuvi wa usipa.

Wavuvi wa usipa hutoka usiku na taa, zamani karabai, siku hizi zaidi LED za betri au sola. Samaki hawa wadogo hukusanyika kwenye mwanga, kisha wavu hufanya kazi yake. Mbalamwezi ikiwa kali uvuvi unadorora na wengi hupumzika. Kwa nini? Ni kontrasti ileile, ila sasa mtazamaji ni samaki.

Mwanga wa taa hupungua kwa mraba wa umbali. Ukienda mbali mara mbili, unapata robo. Mara kumi, unapata sehemu moja kwa mia. Chukua taa inayotoa laksi 100 ukiwa mita 1 kutoka kwake. Kwa mita 20 zimebaki 0.25, sawasawa na mwezi mpevu. Kuanzia hapo kwenda mbele, taa ya mvuvi haina nguvu kuliko mwezi. Lakini usiku wenye nyota tu, taa hiyohiyo inaendelea kuushinda mwanga wa anga hadi mita 300 hivi. Maji hunyonya mwanga, kwa hiyo umbali halisi ndani ya ziwa ni mfupi zaidi, ila uwiano unaeleweka: mwezi unachukua duara kubwa la taa na kulifanya kiduara.

Projekta haina shida hiyo, kwa sababu haimwagi mwanga kila upande. Inaubeba wote na kuulaza kwenye ukuta mmoja. Laksi zako 250 dhidi ya 0.25 za mwezi ni mara 1,000. Hata mwezi ukichomoza na kutazamana na ukuta wenu, jicho halitatambua tofauti. Mwezi unaomnyima mvuvi kazi haumnyimi msanii hata chembe.

Unganisha sasa. Usiku wa mwandamo wavuvi wako majini, familia nyingi zinasubiri mzigo wa alfajiri, njia ni giza, na mwanga mkali ufukweni unaweza kuwasumbua walioko kwenye mitumbwi. Jicho lililozoea giza huhitaji kama nusu saa kurudi katika hali yake likishapigwa na mwanga. Usiku wa mwezi mpevu wavuvi wako nyumbani, watoto wanacheza nje, wazee wanaona njia ya kurudi. Hadhira imekusanywa na mwezi, na picha haijapungua chochote.

Na wadudu je? Watu wa mwambao wanayajua yale mawingu ya vijidudu yanayoinuka kutoka ziwani kama moshi. Wadudu hao nao hufuata taa, na wakiingia kwenye njia ya projekta unapata theluji ambayo msanii hakuichora. Watafiti wanaotega wadudu kwa taa wanajua kwamba mitego hukamata wachache zaidi usiku wa mbalamwezi. Kwa hiyo mwezi unasaidia hapa pia. Wadudu wengi huvutwa zaidi na mwanga wa buluu na urujuani kuliko wa njano na nyekundu, hivyo kazi zenye rangi za joto zitasumbuliwa kidogo kuliko skrini nyeupe iliyoachwa ikisubiri.

Ukuta upi, uangalie wapi?

Mwambao wetu uko mashariki mwa ziwa. Maana yake jua linazama juu ya maji, na ukuta unaotazama ziwa unapigwa na jua hadi dakika ya mwisho. Chagueni ukuta unaolipa ziwa mgongo. Faida ni mbili: unapata kivuli mapema, na mwanga wa maonyesho hauendi majini kuwapofusha wenye mitumbwi.

Muda nao unahesabika. Ukanda huu uko magharibi mwa mstari unaotupa saa yetu, kwa hiyo jua linachelewa kuzama, kati ya saa 12:20 na saa 1:10 jioni kutegemea mwezi wa mwaka. Giza likishaanza linaingia haraka. Ukitangaza saa 2 kamili usiku, uko salama mwaka mzima.

Shuka jeupe au ukuta? Kiangazi, hasa kati ya Mei na Agosti, upepo wa kusini-mashariki uitwao mwera unaweza kuvuma kwa nguvu ziwani. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukipiga kitambaa cha mita 12 za mraba unakivuta kwa nguvu ya nyutoni zaidi ya 700, sawa na mtu mzima kuning'inia kwenye kamba zako. Kitambaa kinakuwa tanga, na nguzo zenu si mlingoti. Ukuta wa chokaa haupepei. Chokaa ina faida nyingine: haina mng'ao wa kioo, inasambaza mwanga kila upande, kwa hiyo aliyekaa pembeni anaona sawa na aliyekaa katikati.

Liuli kuna jiwe maarufu ambalo Wajerumani waliliona kama sanamu ya sfinksi, hadi wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Msanii yeyote atatamani kurusha picha pale. Inawezekana, lakini jiwe la kijivu lisilopakwa kitu hurudisha labda robo ya mwanga, wakati chokaa hurudisha asilimia 80 hivi. Ili kupata mng'ao uleule, punguza eneo la picha hadi theluthi moja au tafuta projekta yenye nguvu mara tatu. Na kabla ya yote, zungumza na wenyeji, maana jiwe lina wenyewe.

Umeme? Projekta ya wati 300 kwa saa mbili hula yuniti 0.6 za LUKU. Pasipo na umeme, betri ya volti 12 yenye Ah 100, ukitumia nusu ya chaji yake ili usiiue na ukahesabu upotevu wa inveta, itakupa saa moja na nusu hivi. Panga onyesho la saa moja, ubakize akiba. Mbinga mjini, juu milimani, adui wa Juni na Julai ni baridi na unyevu: projekta iliyolala nje ikiingizwa mahali pa joto hupata umande ndani ya lenzi. Iache ndani ya mfuko wake hadi izoee.

Na nani anachagua picha?

Sayansi ikishajibu, linabaki swali ambalo lumeni hazijibu. Maonyesho ya nje usiku si mageni kwetu. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, upande wa Korogwe, ulitengeneza filamu na kuzizungusha kwa lori Tanganyika na nchi jirani, Nyasaland ikiwemo. Fedha zilitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani, na waliokuwa na usemi wa mwisho kuhusu ujumbe walikuwa wageni. Watu walikusanyika, wakatazama maisha yao yakielezwa na wengine, wakarudi nyumbani. Miongo sita baadaye, 1998, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar lilianza, na likajulikana kwa maonyesho ya usiku katika uwanja wa wazi wa Ngome Kongwe, safari hii filamu za watu wa mwambao wa Bahari ya Hindi wenyewe zikiwa mstari wa mbele. Katika yote mawili watu walikusanyika chini ya anga la usiku. Kilichotofautiana ni mkono ulioshika orodha ya picha.

Mtu aliye ndani ya ukumbi amechagua kuingia. Mtu anayepita sokoni hakuchagua. Ukuta wa nje unasema na kila mtu, watoto na wafiwa wakiwemo. Kwa hiyo orodha ya kazi ionwe mapema na wanaoishi mbele ya ukuta huo, sauti ishushwe mapema, na kama kuna msiba mtaani, projekta isiwashwe.

Baada ya hapo, kazi ni nyepesi. Fungua kalenda, tafuta usiku wa mwezi mpevu wa kiangazi, msimu wa kahawa. Omba ukuta unaolipa ziwa mgongo, upake chokaa mkono mmoja zaidi. Azima projekta, pima mita 4 kwa 3, zima taa ya jirani. Saa 2 usiku, yule mama muuza usipa atakuwa na nafasi, kwa sababu usiku huo hakuna mzigo wa kusubiri.